Mguu bandia uwanjani: nani ameshika mkanda wa kupimia?

Tarehe 9 Agosti 2012, katika Michezo ya Olimpiki ya London, Mkenya Vincent Mumo Kiilu aligongana na Ofentse Mogawane wa Afrika Kusini kwenye mchujo wa mbio za kupokezana vijiti, mita 400 mara nne. Mogawane alianguka. Aliyekuwa amesimama akisubiri kupokea kijiti kutoka kwake ni Oscar Pistorius, Mwafrika Kusini aliyekimbia kwa miguu miwili bandia, na kijiti hakikumfikia. Kenya iliondolewa, rufaa ya Afrika Kusini ikakubaliwa, na kesho yake Pistorius akafunga mbio kwa timu yake kwenye fainali. Walimaliza wa nane.

Tukio lile limenikaa kichwani kwa sababu ubishi wake ulikuwa ule wa kawaida kabisa wa riadha: nani kamwingilia nani njia, nani aondolewe, nani arudishwe. Kwa saa chache Pistorius alikuwa mwanariadha aliyekosa kijiti, basi. Kufika hapo kulimgharimu miaka ya vipimo vya maabara, mawakili na mahakama, na maswali yaliyoulizwa katika miaka hiyo bado yanatusumbua. Naamini yanatusumbua kwa sababu yaliulizwa vibaya tangu mwanzo.

Kwanza kifaa chenyewe. Mguu bandia wa kukimbilia hauna unyayo wala kisigino. Ni bapa la nyuzi za kaboni zilizopangwa tabaka juu ya tabaka na kukaushwa kwa joto mpaka zikashikamana, likapindwa mfano wa mundu, kisha likafungwa kwenye soketi inayovikwa sehemu ya mguu iliyobaki. Aliyeubuni, Mmarekani Van Phillips, alikatwa mguu mwaka 1976 baada ya ajali ya kuteleza juu ya maji, akachoshwa na miguu bandia ya wakati ule, mizito na isiyo na uhai wowote. Toleo lililovaliwa na Pistorius, Flex-Foot Cheetah, linatengenezwa na kampuni ya Össur ya Iceland.

Mkimbiaji anapokanyaga, ule mundu unajikunja na kuhifadhi nguvu. Anapojiinua, unanyooka na kumrudishia sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Hauongezi chochote cha kwake. Kifundo cha mguu wa nyama hupoteza nguvu nyingi zaidi katika kukanyaga, lakini juu yake kuna shavu la mguu, msuli ulio hai unaosukuma upya katika kila hatua. Mundu hauna msuli. Hauna msuli wa kuchoka pia, wala wa kuwaka moto mita mia ya mwisho, na kwa kuwa ni mwepesi unarushwa mbele haraka. Lakini mlio wa bastola unapopigwa, mwenye miundu anachelewa kuondoka, kwa maana springi isiyokandamizwa haina cha kurudisha. Anapoteza mwanzoni, anapata mwishoni, na katikati kuna hesabu ambayo hakuna aliyeifunga. Mtu anayesema ni dhahiri wana faida, au ni dhahiri hawana, amekurupuka.

Pistorius alizaliwa mwaka 1986 bila mfupa mmoja wa chini ya goti katika kila mguu, na miguu yote miwili ikakatwa akiwa na umri wa miezi 11. Mwaka 2007 Shirikisho la Kimataifa la Riadha, wakati huo likiitwa IAAF, liliingiza kanuni ya kupiga marufuku kifaa chochote chenye springi, magurudumu au kitu kingine kinachompa mtumiaji faida juu ya asiyekitumia. Mwaka huohuo Profesa Gert-Peter Brüggemann wa Cologne, Ujerumani, alimpima na kueleza kwamba Pistorius alitumia nguvu pungufu kwa takriban asilimia 25 ikilinganishwa na wakimbiaji wenye miguu ya nyama waliokwenda kasi ileile. Januari 2008 shirikisho likamfungia.

Mei mwaka huohuo Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, ilifuta adhabu hiyo. Hukumu ile inastahili kusomwa taratibu. Majaji hawakusema kwamba miguu yake haina faida. Walisema kwamba aliyezuia ndiye anayetakiwa kuthibitisha, na kwamba shirikisho lilipima kipande kimoja tu cha mbio, pale mkimbiaji akiwa tayari kwenye kasi, likaacha kuondoka na kuongeza mwendo, yaani sehemu ambayo huyu mtu anaumia. Walitaka faida halisi, baada ya kutoa alichopoteza kwenye alichopata. Wakasema pia kwamba uamuzi wao unamhusu mtu mmoja na aina moja ya mguu. Mlango ulifunguliwa kwa ukubwa wa mwili wa Pistorius tu.

Mwaka uliofuata wanasayansi waliosimama pamoja upande wake waligawanyika hadharani. Peter Weyand na mwenzake mmoja waliandika kwamba kwa maoni yao miguu ile inampa faida ya sekunde nyingi katika mita 400. Wengine waliofanya naye vipimo vilevile wakasema hakuna ushahidi wa faida. Vipimo ni vilevile, mtu ni yuleyule, hitimisho mbili. Hilo halikutokana na uzembe. Ili ujue faida halisi ya mguu bandia kwa Pistorius unahitaji kumlinganisha na Pistorius mwenye miguu ya nyama, na mtu huyo hakuwahi kuwepo. Maabara inaweza kupima springi, pumzi na kasi ya kurusha goti. Haiwezi kupima mwili ambao haukuumbwa.

Basi tukishakubali kwamba shaka haitaondoka, swali linahama kutoka maabara kwenda kwenye dhamiri: shaka hiyo aibebe nani? Mwanariadha mmoja mwenye mfuko wake, au shirikisho lenye maabara na bajeti?

(Najua wapo wasomaji ambao hawawezi tena kulisoma jina la Pistorius bila kumfikiria mpenzi wake, Reeva Steenkamp, ambaye Pistorius alimpiga risasi na kumuua Februari 2013. Sina ugomvi nao. Kosa lile ni la mtu, na alihukumiwa kwa mauaji. Hukumu ya mwaka 2008 haikuwa zawadi kwake peke yake. Ni msingi ambao wengine waliusimamia baadaye, na ndiyo maana siwezi kuuandika mjadala huu nikimruka.)

Mwaka 2015 shirikisho liliugeuza mzigo. Kanuni mpya ilimtaka mwanariadha athibitishe mwenyewe kwamba kifaa chake hakimpi faida. Kuthibitisha kwamba kitu hakipo ni kazi ngumu kwa yeyote. Kwa mtu anayehitaji kukodi maprofesa ili aruhusiwe kukimbia, ni ukuta. Aliyeugonga ukuta huo ni Blake Leeper, Mmarekani mweusi aliyezaliwa bila miguu chini ya magoti, ambaye alishakimbia mita 400 kwa sekunde 44.38 na kumaliza wa tano kwenye fainali ya ubingwa wa Marekani mwaka 2019. World Athletics, jina jipya la shirikisho lilelile, walimkatalia Februari 2020. Oktoba mwaka huo CAS ikatoa hukumu yenye nyuso mbili: kanuni ya kumbebesha mwanariadha mzigo wa kuthibitisha ni batili, lakini Leeper asikimbie, kwa sababu miguu yake inamfanya awe mrefu kwa inchi kadhaa kuliko ambavyo angekuwa kama angezaliwa na miguu kamili.

Hoja ya urefu ni nzito, na nataka kuitendea haki kabla ya kuipinga. Mtu aliyekatwa mguu mmoja ana kipimo chake mwenyewe: mguu uliobaki. Hawezi kurefusha upande mmoja akakimbia. Aliyekatwa yote miwili hana cha kumwambia aishie wapi, na mguu mrefu una hatua ndefu. Aliyelipigia kelele jambo hili kwa sauti kubwa kuliko wote ni Pistorius mwenyewe. Kwenye Paralimpiki ya London, wiki chache baada ya kisa cha kijiti, Mbrazili Alan Oliveira alimpita mita za mwisho za mbio za mita 200, sekunde 21.45 kwa 21.52, na Pistorius akalalamika mbele ya kamera kwamba miguu ya Oliveira ni mirefu mno. Waandaaji walijibu kwamba miguu ya washindani wote ilipimwa na ilikuwa ndani ya kanuni. Wakimbiaji wenye mguu mmoja bandia nao walikuwa na manung'uniko yao dhidi ya wenye miwili. Kwa hiyo mpaka wa urefu ni lazima uwepo. Nakubali bila kusitasita.

Ila mpaka huo unachorwaje? Kanuni ya Paralimpiki, iliyokazwa kuanzia 2018, inachukua vipimo vya kiwiliwili, mikono na mapaja ya mwanariadha, inaviingiza kwenye fomula, na fomula inatoa urefu ambao mtu huyo "angekuwa nao". Mawakili wa Leeper walionyesha kwamba fomula hiyo ilijengwa kwa data za watu weupe na za watu wa Asia. Watu wenye asili ya Afrika hawakuwemo. CAS haikuikubali hoja kwamba huo ni ubaguzi, na Leeper aliporudi mwaka 2021 na miguu mifupi zaidi alikataliwa tena. Inawezekana hata fomula yenye Waafrika ndani yake isingemwokoa, kwa kuwa tofauti iliyotajwa ilikuwa kubwa. Mimi siandiki ili kudai kwamba alidhulumiwa medali.

Naandika kwa sababu ya fomula yenyewe. Wataalamu wa vipimo vya mwili wamejua kwa muda mrefu kwamba uwiano wa miguu na kiwiliwili haulingani kati ya jamii na jamii. Fundi cherehani yeyote wa Kariakoo anajua watu wawili wenye kifua kimoja hawavai suruali ya urefu mmoja. Halafu chombo cha kimataifa, katika mchezo ambao Waafrika na watoto wa Waafrika wameutawala kwa miongo mingi, kinachukua kipimo cha urefu wa miguu ambacho hakikumpima Mwafrika hata mmoja, na kinakitumia kumwambia mwanariadha mweusi: mwili wako ungeishia hapa. Mwamba ngozi huvutia kwake, na ngozi hii imewambwa mbali sana na sisi. Jibu kwamba haijathibitishwa kuwa fomula inawaonea weusi halinitoshi, maana itathibitishwaje na watu ambao hawakupimwa? Ni mzigo uleule wa kuthibitisha, umerudishwa kwa mlango wa nyuma.

Linganisha na viatu. Tarehe 12 Oktoba 2019 Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 na ushee kule Vienna kwa saa 1:59:40. Kesho yake, Chicago, Brigid Kosgei akaivunja rekodi ya dunia ya wanawake iliyodumu miaka 16, kwa saa 2:14:04. Wote wawili walivaa viatu vyenye soli nene ya povu na bapa la kaboni ndani yake. Nilipiga kelele sebuleni kama wengine wote, na siondoi hata chembe ya heshima yangu kwao. Kampuni iliyotengeneza viatu vya aina hiyo ilikuwa imekwisha kuliuza toleo la awali kwa jina lenye asilimia 4, yaani akiba ya nguvu iliyoahidiwa mkimbiaji. Faida haikufichwa. Ilikuwa tangazo.

Na shirikisho lilifanya nini? Tarehe 31 Januari 2020 lilitangaza mpaka: soli isizidi milimita 40, bapa liwe moja, na kiatu kiwe kimeuzwa madukani kwa miezi minne kabla ya kutumika mashindanoni. Hakuna mkimbiaji aliyeitwa athibitishe kwamba kiatu chake hakimsaidii. Wiki chache baadaye shirikisho hilohilo likamwambia Leeper kwamba hajathibitisha. Kaboni iliyo chini ya unyayo ilipewa mpaka unaojulikana, sawa kwa kila mtu, uliotangazwa mapema. Kaboni iliyo mahali pa unyayo ilipewa kesi.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Chora mpaka, uchore mapema, uchore kwa vipimo vya watu wote, halafu aliye ndani ya mpaka akimbie bila kuulizwa tena.

Kuna mtu mmoja anayeusumbua msimamo huu, na sitamficha. Markus Rehm wa Ujerumani alipoteza mguu wa kulia chini ya goti akiwa na miaka 14, akivutwa na boti juu ya ubao majini. Ni fundi wa viungo bandia kwa taaluma. Mwaka 2014 aliushinda ubingwa wa Ujerumani wa kuruka chini, mbele ya warukaji wenye miguu miwili, kwa mita 8.24, na bado hakupelekwa kwenye mashindano ya Ulaya. Mwaka 2023 alifika mita 8.72. Washindi wa Olimpiki kuanzia London hadi Paris waliruka 8.31, 8.38, 8.41 na 8.48. Rehm amewapita wote, na mguu anaorukia ni ule wa kaboni.

Katika mbio, mundu unasaidia hapa na kugharimu pale. Katika kuruka chini, kitendo chenyewe kinachopimwa, ule mguso mmoja wa ubao kabla ya kupaa, kinafanywa na mundu. Watafiti waliomchunguza mwaka 2016 waliona kwamba anakuja na kasi ndogo kuliko wenzake lakini anaondoka ubaoni vizuri kuliko wao. Walishindwa kusema jumla yake ni faida au hasara. Mimi si mtafiti, na nikitazama naona michezo miwili inayofanana. Mpaka wa urefu hausaidii hapa kwa kuwa ana mguu wake mwingine wa kujipimia, na mpaka wa ukakamavu wa springi unaokubalika na pande zote bado haujachorwa. Rehm aliwahi kuomba aruke Olimpiki hata nje ya hesabu ya medali. Alikataliwa, na CAS ikamkatalia pia mwaka 2021. Kwa hilo nawalaumu waliokataa. Walipewa njia ambayo haimnyang'anyi mtu medali, na watazamaji wangemwona mrukaji aliyewapita mabingwa wa Olimpiki akiruka kwenye mchanga uleule.

Nikichoka na mahakama huwa nafikiria mchezo mmoja uliolitatua suala hili kwa kulikwepa. Katika soka la watu waliokatwa viungo, mguu bandia hauruhusiwi uwanjani. Wachezaji sita wa ndani wana mguu mmoja mmoja, wanakimbia kwa magongo, na gongo likiucheza mpira kwa makusudi ni kosa kama mkono. Kipa ana mkono mmoja. Mwaka 2021 Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, ulipokea mashindano ya Afrika ya mchezo huo, na timu yetu ya Tembo Warriors ikapata tiketi ya Kombe la Dunia la 2022 nchini Uturuki, ambako ilifika robo fainali. Hakuna aliyehitaji profesa kutoka Cologne. Gongo ni gongo.

Lakini sitaki kulifanya hilo kuwa jibu la kila kitu. Kuwaambia wakimbiaji waivue miguu yao ni kuwaambia wasikimbie. Na usawa unaopatikana kwa kuwavua watu wote una uzuri na pia una huzuni yake, hasa kwetu, ambako wengi wameshavuliwa tayari. Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema kwamba ni takriban mtu mmoja kati ya kumi wanaohitaji vifaa saidizi ndiye anayevipata. Mdogo wangu alikatwa mguu baada ya ajali ya bodaboda. Siku tuliyokaa kwenye benchi tukisubiri fundi ampime, nilijaribu kumchangamsha kwa habari za wakimbiaji wa miguu ya kaboni. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza, "Kaka, huu watakaonipa utanipandisha ngazi za daladala?" Mguu wa kukimbilia unauzwa maelfu ya dola. Kanuni za vifaa za Paralimpiki zina misingi minne, na mmoja wao unataka kifaa kipatikane kwa upana na kwa gharama inayobebeka. Sijui ni gharama inayobebeka na nani. Bei ya kifaa haiingizwi kwenye fomula yoyote ya haki, ingawa ndiyo inayoamua, kabla ya waamuzi hawajafika uwanjani, ni nani ataonekana kwenye mstari wa kuanzia.

Hilo la bei litahitaji serikali, bima na miaka. La fomula halihitaji hivyo. Tangu 1981 kipo chuo pale hospitali ya KCMC, Moshi, kiitwacho TATCOT, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Kupima miili ya watu ni kazi yao ya kila siku. World Athletics na Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki wakitaka kujua uwiano wa mikono, kiwiliwili na miguu ya watu wa bara hili, wanaweza kuwaandikia barua. Kinachohitajika ni kibali cha maadili ya utafiti, watu wa kujitolea, stuli ya kukalia na mkanda wa kupimia, na mkanda upo.